Kamera ndogo mitaani: Kuwatafuta ndege kutoka Kaloleni hadi Ruai

MKAZI wa Nairobi akiambiwa kwamba mtu fulani anaenda kupiga picha za ndege na wanyama, mawazo yake hukimbilia Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, Msitu wa Karura au safari ndefu ya Maasai Mara. Hakuna anayefikiria Jericho. Hakuna anayeuliza, "Kwani unaelekea Dandora?" Mitaa ya Eastlands ina sifa zake nyingine: matatu za michoro na muziki wa kutikisa vioo, kandanda ya Camp Toyoyo, mitumba ya Gikomba na maghorofa yanayochipuka kila uchao.

Hata hivyo, ndege hawajui mtaa wa tajiri wala wa maskini. Hutua palipo na mti, maji na chakula, na vyote vitatu vinapatikana mashariki mwa jiji, ingawa mara nyingine maji yenyewe ni machafu na chakula chenyewe ni taka. Shida ya mpiga picha wa Eastlands haijapata kuwa uhaba wa ndege. Shida ni mzigo alioubeba begani.

Kwa miaka kadhaa nilitembea na kamera kubwa pamoja na lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Begi lake lilihitaji kiti chake ndani ya matatu, na kondakta hakuona haya kunidai nauli ya watu wawili. Niliposhuka Barabara ya Jogoo na kuitoa, shughuli zilisimama. Vijana walinizunguka kutaka kujua naandikia gazeti gani. Wenye vibanda walinitazama kwa jicho la shaka, wakidhani nimetumwa na kanjo kupiga picha vibanda vinavyotakiwa kubomolewa. Nilipomaliza kueleza kwamba namtafuta ndege tu, ndege mwenyewe alikwisha kwenda zake.

Ndipo nikaiuza, nikanunua kamera ya dijitali yenye sensa ndogo. Leo kamera na lenzi zake zote hukaa ndani ya kiondo, juu nimeweka sweta. Marafiki wengi wanaopenda picha waliniambia nimerudi nyuma. Kama nimerudi nyuma au nimesonga mbele, msomaji na aamue mwenyewe baada ya kutembea nami kutoka Kaloleni hadi Ruai.

Karai na kikombe

Kwanza tuelewane kuhusu sensa. Hicho ni kibapa kilichomo ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kinafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na filamu. Wale waliokuwa wakinunua filamu ya milimita 35 yenye picha 36 watakumbuka kwamba kila picha ilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera za dijitali zenye sensa kubwa zimefuata kipimo hicho hicho.

Zipo sensa ndogo zaidi. Aina moja, iitwayo APS-C, hukaribia milimita 23 kwa 15. Nyingine ni ile ya kamera za Micro Four Thirds, mfumo uliotangazwa na kampuni za Olympus na Panasonic mwaka 2008, ambayo ni milimita 17.3 kwa 13. Ukipiga hesabu utaona kwamba sensa hiyo ya mwisho ni kama robo tu ya ile kubwa.

Sasa weka karai na kikombe uani mvua ikinyesha. Matone yanaanguka kwa nguvu ile ile, lakini karai litakusanya maji mengi zaidi. Vivyo hivyo, sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi kuliko ndogo. Jua likiwa kali, kikombe nacho hujaa na tofauti ni vigumu kuiona. Jua likififia, kamera ya sensa ndogo hulazimika kuukuza mwanga haba iliyoupata, na picha hujaa chengachenga kama unga uliosagwa vibaya.

Faida yake iko wapi basi? Sensa ndogo hunasa sehemu ya katikati tu ya kile ambacho lenzi inaona. Ni kama kuchukua mkasi na kukata kingo za picha ili abaki ndege peke yake. Kwa sababu hiyo lenzi ya milimita 300 kwenye kamera ya Micro Four Thirds huonyesha eneo lile lile ambalo sensa kubwa ingelionyesha kwa lenzi ya milimita 600.

Tofauti ya uzito ndiyo itakayokushangaza. Lenzi ya Canon ya milimita 600 iliyotolewa mwaka 2018, ambayo wataalamu waliisifu kwa wepesi wake, ina uzito wa kilo 3.05 kabla hujaitia kamera. Lenzi ndogo ya Olympus inayofika milimita 300 ina gramu 423, yaani haifiki hata pakiti ya nusu kilo ya sukari.

Lakini tusidanganyane. Lenzi hizo mbili si sawa. Tundu la kupitishia mwanga la ile kubwa lina upana wa sentimita 15, na la ile ndogo ni sentimita nne na nusu hivi. Wakati wa magharibi, hiyo kubwa itampiga picha bundi huku ndogo ikikuletea giza na chengachenga. Anayekuambia kwamba kamera ndogo hufanya kila jambo linalofanywa na kubwa anataka kukuuzia kamera.

Asubuhi ya Kaloleni

Safari ianzie Kaloleni, nyuma ya Barabara ya Jogoo. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, kwa kufuata wazo lililotoka Uingereza la mji wenye bustani: nyumba za chini za mawe, nyua za pamoja, njia za miguu na miti mingi. Rangi zimechujuka na vibanda vya mabati vimejaza nafasi nyingi, lakini miti mikubwa bado ipo, na penye mti mkubwa hapakosi mpangaji mwenye mbawa.

Nairobi iko karibu sana na Ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na kupanda upesi. Nusu saa ya kwanza ni ya kusikiliza. Shore huanza kuimba kabla watoto hawajapelekwa shule. Pasa, wale ndege wa kijivu wenye mikia mirefu na kishungi kichwani, hupenya vichakani kwa makundi kama panya. Wakati huo kamera ya sensa ndogo hainisaidii sana, na mara nyingi huiacha kiondoni. Ifikapo saa mbili mwanga umetosha, na tangu hapo hadi saa nne sioni sababu ya kuilalamikia.

Kitu kingine nilichokiona Kaloleni ni jinsi watu wanavyoipokea. Kamera iliyo ndogo kama mkate wa nusu haimtishi mtu. Mzee aliyeketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake husema tu, "Kijana, unapiga nini?" Nikimwonyesha pasa kwenye kioo cha nyuma, hucheka na kuniambia mti ambao hulala. Habari ya namna hiyo haiuzwi dukani pamoja na lenzi.

Ua na mlimau wa Buruburu

Kutoka hapo, panda matatu nambari 58 hadi Buruburu, mtaa uliojengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa awamu tano ambazo wenyeji huziita fezi. Nyumba zake zilipewa vibustani vya mbele. Vingi vimegeuka maduka na vyumba vya kupangisha, lakini pale ua na maua vilipoachwa, kuna mbuga kamili yenye ukubwa wa mkeka.

Chozi wenye midomo iliyopinda hunyonya maua kutoka ua hadi ua. Ndani ya ua hujificha kinyonga. Chunguza majani ya mlimau nawe huenda ukaona kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege. Hicho ni kiwavi cha kipepeo mkubwa mweusi na manjano apendaye miti ya jamii ya limau na chungwa. Akiwa mdogo hujigeuza kinyesi ili asiliwe, na akikua hugeuka kijani kama jani lenyewe.

Kwa viumbe wadogo kama hawa, sensa ndogo ina faida ambayo wengi hawaitaji. Ukikaribia mdudu sana, kamera ya sensa kubwa huonyesha jicho vizuri huku miguu na mbawa zikiwa ukungu. Ukimpiga mdudu huyo huyo kwa ukubwa ule ule katika picha, na tundu la lenzi likiwa kwenye kipimo kile kile, sensa ndogo huonyesha vizuri sehemu kubwa zaidi ya mwili wake. Mwanafunzi anayetaka kutambua aina ya mdudu kwa ajili ya mradi wa shule anahitaji kuona miguu pia.

Korongo wa Dandora

Kutoka Buruburu, fuata Barabara ya Outer Ring hadi Dandora. Hapo huhitaji kuambiwa umefika, kwa kuwa juu angani huzunguka makorongo wakubwa wenye vichwa vya upara na mfuko wa nyama shingoni. Ndege huyu akisimama hufikia mita moja na nusu, na akikunjua mbawa zake hupita mita mbili. Miguu yake huonekana myeupe kwa sababu huipaka kinyesi chake mwenyewe ili kujipunguzia joto. Hula mizoga na mabaki, na hapana mahali jijini panapomwandalia karamu kama jaa la Dandora.

Jaa hilo lilifunguliwa mwaka 1975, na mwaka 2001 ikatangazwa kwamba limejaa. Taka ziliendelea kumwagwa. Mwaka 2007, UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika jiji hili hili, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa eneo hilo. Karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo.

Nataja hayo kwa sababu ni rahisi mpiga picha kulewa na uzuri wa mbawa zilizotanda juu ya moshi, akasahau kwamba chini ya mbawa hizo kuna watu. Korongo ananenepa palepale mtoto anapougua. Picha ya kweli ya viumbe wa Eastlands haiwezi kumkata binadamu na kumtupa nje ya fremu ili mandhari ipendeze. Kwa usalama wako, usiingie jaani peke yako. Makorongo huonekana vizuri kutoka barabarani, wakiwa juu ya mapaa na nguzo, na lenzi ya milimita 300 kwenye sensa ndogo inatosha na kubaki.

Maji ya Ruai

Mbele zaidi, kwa Barabara ya Kangundo, ni Ruai. Huko ndiko yaliko mabwawa makubwa ya kusafishia majitaka ya jiji, yanayojulikana kwa jina la Dandora. Majitaka hupitishwa kutoka bwawa moja hadi jingine polepole. Jua, viini na mimea midogo ya majini hufanya kazi ya kuyasafisha kabla hayajaachiliwa mtoni. Mimea hiyo na wadudu wake huvutia ndege wengi ajabu: bata wa aina kwa aina, heroe wenye rangi ya waridi, na ndege wenye miguu mirefu wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia na kukaa kwetu kuanzia Septemba hadi Aprili hivi. Wapenzi wa ndege wamelijua eneo hili kwa miaka mingi. Mabwawa yako chini ya kampuni ya maji ya jiji, kwa hiyo omba ruhusa kwanza, usiruke ua.

Hapa ndipo mgongo unapomshukuru aliyeacha mzigo mzito nyumbani. Kingo za mabwawa ni ndefu, kivuli ni haba na ndege wako mbali. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna kamera inayoliweza, kubwa wala ndogo. Baada ya saa nne asubuhi ardhi hupata moto na hewa huanza kucheza juu ya maji, na heroe aliye mbali hutokea kama ametiwa ndani ya mafuta. Dawa yake ni kufika mapema au kumsubiri ndege asogee.

Mambo ya kuzingatia

Anayetaka kuifuata njia hii azingatie mambo machache.

Mwanga: panga kupiga picha kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni. Jua liwe mgongoni mwako. Mwezi Julai na Agosti, mawingu yanapofunika Nairobi kutwa nzima, tegemea ndege waliotulia. Mbayuwayu anayeruka anataka kasi kubwa ya kamera, na kasi hula mwanga.

Betri na vumbi: nyingi za kamera hizi ndogo hutumia kioo cha umeme hata kwenye kitundu cha kuchungulia, hivyo betri huisha upesi. Beba ya akiba. Usibadilishe lenzi kando ya barabara vumbi likipeperuka.

Kununua: kamera na lenzi zilizotumika hupatikana madukani katikati ya jiji, kama vile Barabara ya Luthuli. Piga picha kadhaa papo hapo, uzitazame kwenye skrini kubwa, kisha udai risiti yenye nambari ya kamera. Kitu cha bei ya chini kupita kiasi huenda machozi ya mwenyewe hayajakauka.

Watu: usimpige mtu picha bila kumwomba, na mtoto usimpige bila ruhusa ya mzazi wake. Hiyo ni heshima, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 picha ya mtu ina ulinzi wa kisheria pia. Kamwe usielekeze lenzi upande wa kambi ya wanahewa ya Eastleigh wala kituo cha polisi, hata kama mwewe ametua juu ya ukuta wake.

Mitaa iliyowahi kujipiga picha

Kamera si ngeni Eastlands. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu, alizaliwa Eastleigh mwaka 1943. Alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko mjini Addis Ababa mwaka 1991, lakini akarudi kazini na kuendelea hadi kifo chake mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara. Mwaka 1997 vijana wa Mathare, kupitia chama cha michezo cha MYSA, walipewa kamera za plastiki za bei ndogo kabisa katika mradi ulioitwa Shootback. Picha walizopiga za maisha yao zilitolewa kitabu mwaka 1999. Hakuna mtaalamu ambaye angeziita hizo kamera za maana. Walichokuwa nacho vijana ni kwamba walikuwapo, na walijua wanachokitazama.

Mzazi asiyeweza kumnunulia mtoto kamera asikate tamaa. Shule nyingi zina tawi la Wildlife Clubs of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1968, na kamera moja ndogo inaweza kuhudumia klabu nzima. Aidha, matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, yamewafunza Wakenya wengi kumtambua ndege kwa macho na masikio kabla ya kumtafutia lenzi.

Wakati haungoji. Mtaa wa zamani wa Pangani umekwisha kubomolewa na maghorofa yakasimama mahali pake, na mitaa mingine ya umri huo imo katika mipango ya kujengwa upya. Watu wanahitaji nyumba bora, na hilo halina ubishi. Lakini nyumba za chini zikiondoka, mara nyingi miti ya uani huondoka nazo, na mti usiowahi kuandikwa popote hauna wa kuutetea.

Hapo ndipo picha ya kawaida inapopata thamani. Pasa watatu juu ya waya huko Jericho hawatashinda tuzo yoyote. Andika tarehe, mtaa na jina la mti, kisha utume habari hiyo kwa Kenya Bird Map, ramani inayokusanya taarifa za ndege kutoka kwa wananchi nchini kote. Siku mtu atakaposema kwamba hapo hapakuwa na kitu ila vumbi, kutakuwa na ushahidi wa kumjibu. Ushahidi huo hauhitaji kamera ya kilo nne. Unahitaji mtu anayeweza kupita hapo kila wiki bila kuogopa wala kuogopwa, na miguu isiyochoka.